Ila Niliyoimeza

Mmeniomba, kabla sijasahau, niwaandikie namna ya kusoma udongo wa njia ya mbio za farasi. Vizuri. Nitaandika, ila mtanivumilia, maana mimi siwezi kueleza udongo bila kueleza watu walioukanyaga. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu ya kikosi siku hizi ni Wakongo na Wakenya, na wale wa ofisini nimewaandikia ripoti za Kiingereza miaka yote hii na sijui kama yupo aliyewahi kuisoma hata moja mpaka mwisho. Keki ya kuniaga mliyonikatia Ijumaa ilikuwa nzuri. Sukari ilizidi, lakini nzuri.

Mnadhani nilizaliwa nimevaa mabuti ya mpira. Sivyo. Nyumbani Dodoma nilikuwa msaidizi katika maabara ya udongo, idara ya barabara. Tulichukua udongo wa mahali panapotaka kupita barabara, tukaukausha kwenye oveni, tukaupima, tukaandika. Washington nilikuja kama dereva wa familia moja ya ubalozini. Muda wao ulipokwisha wakarudi nyumbani, mimi nikabaki na karatasi zangu za halali na koti moja la baridi, nikapanga chumba Langley Park. Mama mmoja kanisani akaniambia kuna uwanja wa mbio za farasi upande wa Maryland unatafuta watu wa kuendesha trekta. Jina la uwanja nitaliacha. Nyinyi mnalijua, na asiyelijua hajapungukiwa kitu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mimi farasi nilikuwa nimemwona kwa karibu mara mbili tu maishani.

Aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa mzee Clarence, Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye tumbo la heshima, aliyekuwa ameitunza njia ile tangu ujana wake. Hakuniuliza kuhusu trekta. Aliinama, akachota udongo, akanitia mkononi, akauliza, "Hiki ni nini?" Nikaufinya, nikaunusa, halafu nikaweka chembe kidogo kati ya meno, kama tulivyofundishwa maabara: mchanga unakwaruza, udongo mfinyanzi unateleza. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema miaka yote hiyo hajamwona mtu anayekula njia. Nilitaka kumwambia kwamba kwetu wanaokula udongo ni wajawazito, mimi nilikuwa naupima tu, lakini Kiingereza changu hakikutosha. Tangu siku hiyo akaniita Mla Udongo, na kazi nikapata.

Sasa njia yenyewe. Mnaiona bapa, lakini si bapa. Chini kabisa kuna kokoto, juu yake udongo mgumu ulioshindiliwa, na juu ya huo kuna mchanga uliochanganywa na udongo laini, kina cha vidole vinne hivi. Tabaka hilo la juu sisi tuliliita godoro, kwa sababu ndilo linalompokea farasi anapotua. Godoro likiwa jembamba, miguu yake inagonga chini kama amekimbia kwenye lami. Likizidi, anazama na kuchoka. Tena njia nzima imeinamishwa kidogo kuelekea ndani, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia uzio wa ndani, kule kule ambako kila mpanda farasi anapenda kupita kwa sababu ndiko kufupi. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya kazi. Mimi lilinichukua mwaka.

Clarence alinifundisha haro, reki ile kubwa inayovutwa na trekta, ipite kwa mwendo gani, na boza la maji litangulie dakika ngapi. Alinifundisha kuifunga njia kabla ya mvua, yaani kuburuta lile bamba zito la chuma mpaka udongo ubanane na maji yateleze juu bila kuingia, halafu kuifungua baada ya mvua, polepole, upande kwa upande. Lakini kubwa alilonifundisha ni fimbo. Ile fimbo mnayoiona nyuma ya mlango wa stoo aliichonga yeye mwenyewe, na alama zake alizikata kwa kisu. Unaichomeka mbele yako kila hatua kumi, unaivuta, unaangalia. Alama ya kwanza, njia ni ngumu mno. Ya pili ndipo panapotakiwa. "Ikifika ya tatu," alisema, "unafungua mdomo. Ukiwa unakula, unaacha kula, unafungua mdomo." Alama ya nne na ya tano sijui alizikata za nini. Nadhani kisu kilikuwa kikali siku hiyo.

Jambo lililonisumbua zaidi ya fimbo lilikuwa maneno. Kila asubuhi ofisi inatangaza hali ya njia kwa neno moja, linaandikwa kwenye ubao mkubwa. Kavu kabisa wanaita "fast", yaani ya kasi. Ngazi ya pili wanaita "good". Jamani! Wiki yangu ya kwanza niliona "good" kwenye ubao nikafurahi, nikaanza kupiga mluzi, na wakufunzi wa farasi wote wananuna. "Good" ya pale si nzuri. Ni njia iliyoloa na sasa inakauka, haijaamua iwe nini. Chini yake kuna ya tope, na chini zaidi ya majimaji. Na ajabu ni kwamba ile ya majimaji, ambayo kwa macho inatisha, mara nyingi chini yake ni ngumu na farasi wanapita salama. Inayodanganya ni hiyo inayoitwa nzuri.

Aliyenifungua macho kwa nini neno hilo moja lina uzito alikuwa Njoki, dada wa Kikenya kutoka Nyahururu. Alikuja kusomea uuguzi, akagundua hawezi kuona damu, akahamia hesabu. Pale ofisini kazi yake ilikuwa kupigia farasi hesabu: nani ana nafasi gani katika kila mbio, ili ichapwe kwenye kijitabu wanachonunua watazamaji kabla ya kuweka dau. Mimi nilimwita mpiga ramli. Alikuwa na penseli tatu, na ile ya kahawia ilikuwa ya siku za mvua tu.

"Wacha kusoma namba pekee yake," aliniambia siku moja nilipojifanya mjuaji na kumwambia farasi fulani ni mbovu kwa sababu amemaliza wa sita. "Wa sita wapi? Juu ya nini? Angalia hapa, ilikuwa tope, na alikuwa nyuma. Hao wa nyuma wanapigwa na matope kwa uso mwanzo mpaka mwisho. Wapanda farasi wanavaa miwani mitatu, minne, wanavua mmoja mmoja wakikimbia. Huyu ukimweka kwa njia kavu, anawashinda hao wote."

Akanionyesha jinsi siku ya majimaji inavyompendelea anayetangulia, maana uso wake unabaki safi. Akanionyesha watoto wa dume fulani ambao kila wakikuta maji wanaongeza mwendo, kama bata. Lakini kilichonishika ni habari ya uzio wa ndani. Kukiwa na kina kule ndani, yaani miguu inazama, farasi aliyetoka geti namba moja, lililo karibu na uzio huo, anatumia nguvu mara mbili, kwa hiyo akimaliza wa tatu siku hiyo, huenda ndiye bora kuliko wote. Asiyejua atamdharau. Na kinyume chake: siku ambayo ndani ni pagumu na nje pana kina, aliyeshinda kwa kupita ndani ameshinda kwa kubebwa na njia. Njoki alisema kijitabu chote ni bure kama hajui asubuhi ile udongo ukoje, upande gani, mpaka wapi. "Na ikiwa hiyo good yenu, Yona, ata mimi nabahatisha tu. Kwa hivyo usiniambie good. Niambie rail, huo uzio wa ndani, iko aje."

Nami nikawa namwambia. Kila asubuhi baada ya kupima nilipita dirishani kwake nikamweleza kwa Kiswahili, dakika mbili, nikaenda zangu.

Mwingine niliyemwambia kila asubuhi alikuwa Papa Kasongo. Huyu ndiye ninayetaka mumjue. Alikuwa mtunza farasi, mtu wa Lubumbashi, mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufi hata mwezi wa saba. Kwao aliwahi kuwa fundi wa reli. Farasi alijifunzia hapa hapa ukubwani kama mimi. Alitunza farasi watatu wa mkufunzi mmoja aliyemwita patron, yaani mwajiri, lakini moyo wake ulikuwa kwa jike mmoja wa rangi ya kahawia. Kwenye karatasi alikuwa na jina refu la Kiingereza lenye Jumapili ndani yake, naye akamwita Dimanche, Jumapili kwa Kifaransa. Dimanche alikuwa na kifundo cha mguu wa mbele chenye udhaifu. Kasongo alimfunga bendeji kila jioni, akamkanda kwa dawa, akamwimbia nyimbo za kanisani kwao. Patron wake alikuwa na kanuni moja juu ya farasi huyo: njia ikiwa na kina, Dimanche hakimbii, anaondolewa kwenye orodha. Na patron hakuamini ubao. Alimwamini Kasongo, na Kasongo aliniamini mimi.

Mnajua tunavyosalimiana. Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri, hata kama jana umezika. Nzuri kwanza, halafu ndipo yanakuja yenyewe: nzuri, ila mama anaumwa, nzuri, ila tumefiwa. Sisi Watanzania ndio tumezidi. Kasongo alilichekelea sana hilo. Kwao nao wanajibu "muzuri", lakini alisema hajaona watu wanaoficha msiba ndani ya salamu kama sisi. Kwa hiyo ikawa mchezo wetu kila asubuhi kwenye upenyo wa uzio, yeye na ndoo yake, mimi na fimbo yangu.

"Habari ya njia, kaka Yona?"

"Nzuri."

Anasubiri. Ananitazama huku anatabasamu.

"Nzuri, ila kona ya kwanza kumelowa."

"Ah! Ile ila yako, ndiyo nilikuwa nangoja."

Wakati mwingine hata Mmarekani akipita alimwambia, kwa Kiingereza chake cha Kifaransa, kwamba bwana huyu usimsikilize neno la kwanza, ngoja la pili.

Halafu yakaja malalamiko. Baadhi ya watazamaji wa kila siku walinung'unika kwamba kuna watu wanapata habari za njia mapema, kwa lugha yao. Bosi wa ofisi akatukusanya kwenye gereji, akasema hali ya njia itatoka kwenye ubao na kwenye spika tu, si midomoni mwa watu wa trekta. Alisema "watu" lakini alinitazama mimi. Nikafyata mkia. Tulipotoka Clarence akatema tumbaku yake pembeni akasema, "Alama ya tatu haikuwa kwenye mkutano." Nililielewa alilolisema. Sikutaka tu kulielewa. Dirishani kwa Njoki nikaacha kupita, na kwa Kasongo ile ila nikawa naisema kwa kunong'ona, kama mwizi.

Aprili iliyofuata Clarence akaenda kupasuliwa jicho, wiki mbili, nami nikaachiwa njia nzima. Nisiwafiche: nilivimba kichwa. Nilinunua kofia mpya. Nilitembea na redio ya upepo kiunoni, nikajibu simu kwa sauti nzito ambayo sikuwa nayo.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Tuliifunga njia vizuri, kazi safi, hata Clarence angekubali. Mvua ikakatika alfajiri ya siku ya tatu, jua likatoka na upepo, na saa nne tukaanza kuifungua. Nikaichukua fimbo nikatembea njia nzima. Alama ya pili, ya pili, ya pili. Nikafika kona ya mwisho, kandokando ya uzio wa ndani, fimbo ikazama mpaka ya tatu na kidole kimoja zaidi. Nikarudia. Ya tatu. Hatua kama ishirini hivi, yote ya tatu. Mfereji wa chini ulikuwa umezibwa na majani na nyasi za mazizini, maji yamesimama chini, huku juu jua limekausha ngozi nyembamba nzuri kabisa. Nilipochota ukatoka uji.

Nikaita ofisi kwa redio. Nikasema ni "good", lakini kona ya mwisho kwa ndani kuna kina, nahitaji saa moja na mchanga. Bosi akasema, "Yona, nimekuomba neno, sijakuomba hadithi. Ni good au si good?"

Nikasema ni good.

"Asante," akasema, na dakika ile ile nikaliona likiandikwa kwenye ubao.

Nilimwaga toroli sita za mchanga pale, nikapitisha haro mara mbili. Kwa macho pakapendeza. Niliposhuka kwenye trekta Kasongo alikuwa kwenye upenyo na ndoo yake. Dimanche alikuwa kwenye mbio ya tatu, geti namba moja, ndani kabisa. Nililijua hilo. Na bosi alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, si mbali, mikono mifukoni, anatutazama.

"Habari ya asubuhi, kaka?"

"Nzuri."

"Ya nyumbani?"

"Nzuri."

"Habari ya njia?"

"Nzuri."

Akasubiri. Mimi nimeegemea fimbo, sijaifuta hata tope. Akatabasamu kama siku zote, akasema, "Na ila? Ila yako iko wapi leo?"

Bosi hakujua neno hata moja la Kiswahili. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Ningeweza kuitamka ila ile huku nacheka, huku nampungia mkono bosi, naye asingejua kama nimesema tope au nimesema chai. Lakini nilikuwa na kofia mpya, nikajiona mtu wa utawala, mtu wa kufuata maagizo. Na niliogopa, nisiseme uongo. Niliogopa yale macho ya kwenye ngazi.

"Leo hakuna ila," nikasema.

Akanitazama kidogo. Akabeba ndoo yake akaenda kumwambia patron njia ni nzuri.

Mbio ya tatu niliitazama nikiwa juu ya trekta, upande wa pili. Dimanche alitoka vizuri, akakaa wa pili, kwa ndani, anakimbia kwa raha kabisa, na mimi nikaanza kujiambia, unaona, unaona, hakuna kitu. Wakaingia kona ya mwisho. Mguu wake wa mbele ukazama, ule ule wenye bendeji, akainuka mara moja kama anataka kuendelea, halafu akaenda chini. Mpanda farasi alirushwa, akavunjika mfupa wa bega, akapona. Dimanche hakupona. Waliweka lile pazia wanaloweka ili watazamaji wasione farasi akimalizwa. Mimi niliona, kwa sababu trekta ni refu. Kasongo alikuwa amekimbia njia yote kutoka mazizini na alikuwa amepiga magoti, kofia yake ya sufi ameiweka chini ya kichwa cha yule farasi ili asilale kwenye tope.

Alirudi anatembea kandokando ya uzio, hatamu mkononi, bila farasi. Alipita mbele ya trekta langu. Hakuinua macho, nami sikushuka.

Uchunguzi ulifanyika, karatasi zikaandikwa. Zilisema farasi alikosea hatua, na kwamba hali ya njia ilikuwa kama ilivyotangazwa. Ni kweli. Kwa Kiingereza sikusema uongo hata neno moja. Njoki alikuja gereji, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona pale, na kijitabu chake mkononi. Alikuwa amemweka Dimanche wa pili kwa ile "good" ya kwenye ubao. "Ungeniambia tu rail," alisema. "Neno moja, Yona. Ningemweka wa mwisho, na ningeenda kwa yule mkufunzi mimi mwenyewe." Alikuwa analia kwa hasira. Nilimwambia kuna maagizo. Aliniangalia kama mtu asiyenijua, akaondoka.

Clarence aliporudi, jicho moja limefungwa, alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona. Alichomeka fimbo, akavuta, akaangalia.

"Ulipima?"

"Nilipima."

"Ulifungua mdomo?"

"Niliiambia ofisi."

"Sijakuuliza ofisi," akasema, akanirudishia fimbo.

Hakulitaja tena mpaka alipostaafu. Siku aliyostaafu aliniachia fimbo iwe yangu, na ningependa kuwaambia nilijisikia fahari.

Kasongo aliacha kazi wiki ile ile. Alikuja kuniaga, maana ni mtu wa adabu. Akasema, "Habari, kaka Yona?" Nikajibu nzuri. Akanipa mkono, akaenda. Habari ya njia hakuuliza. Akapata kazi kwenye nyumba ya wazee Gaithersburg, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, na nilisikia wagonjwa walimpenda sana. Kwa miaka yote tumekutana kwenye harusi na kwenye misiba, maana nyinyi mnajua huku tulivyo wachache. Kila mara: Habari? Muzuri. Na yako? Nzuri. Basi, tunatazama sahani zetu. Mara nyingi niliondoka nyumbani nikiwa nimeshaipanga ile ila midomoni, na nikarudi nayo hivyo hivyo.

Kazini nikageuka kero. Kila asubuhi niliongea kwenye redio mpaka wakanizima. Ukiniuliza kama njia ni kavu, nilikupa mita kwa mita. Niliuzibua ule mfereji kwa mikono yangu kila wiki. Bosi yule aliondoka, wakaja wengine, wote wakachoka nami. Lile jina la Bwana Lakini mnalonitania nalo lilianza enzi hizo, na mlidhani ni tabia yangu ya uzee. Njoki alihamia Sterling, kwenye majumba yale ya mashine za kompyuta. Tunasalimiana kwa simu Krismasi. Anasema mashine nazo zinaogopa maji, na anazipigia hesabu vile vile.

Jumamosi, siku moja baada ya keki yenu, niliichukua fimbo nikaitia garini, nikashika barabara ya 270 mpaka Gaithersburg. Msione haya kuniuliza kwa nini fimbo. Sikujua. Nilitaka tu niwe nimeshika kitu. Kasongo naye amestaafu, anakaa kwa binti yake. Binti alifungua mlango, nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, akaniingiza. Baba yake alikuwa dirishani na kofia ya sufi, si ile.

"Habari, kaka Yona?"

"Si nzuri," nikasema. "Kasongo, siku ile ya Dimanche. Ilikuwepo ila. Kona ya mwisho, kwa ndani. Nilikuwa nimepima. Nilijua."

Alinyoosha mkono akaiomba fimbo, akailaza mapajani. Kidole gumba chake kikaanza kupanda kutoka chini, taratibu, kikapita alama ya kwanza, kikapita ya pili, kikasimama kwenye ya tatu. Halafu kikasogea juu kidogo.

"Matope ilifika hapa," akasema.

"Uliona?"

"Niliona. Hukupanguza fimbo. Miye si kipofu."

"Sasa mbona ulienda kumwambia patron..."

"Nilikuuliza ila. Ukasema hakuna." Hakuwa na hasira, ningefurahi kama angekuwa nayo. "Miye nilisadiki kinywa yako kupita macho yangu."

Binti akaleta chai. Tukainywa. Nililia, sioni haya kuwaambia, na Kasongo aliniacha nilie, hakuniambia nyamaza wala hakuniambia yameisha. Nilipoinuka kuondoka akanirudishia fimbo kwa mikono miwili.

Nimeirudisha stoo, nyuma ya mlango, pale pale. Alama ya tatu ilikuwa imeanza kufutika, nimeikata upya kwa kisu. Ikizama mpaka hapo, na mtu wenu akasimama kwenye upenyo na ndoo yake akawauliza habari ya njia, msianze na nzuri. Anzeni na ila.